Sweta ya Baba Akinyi na sufuria ya maharagwe

Alhamisi, hapa Rangwe. Manyunyu tangu alfajiri, mabati yanalia kama simsim kwenye kikaango. Mlango wa kibanda nimeufunga nusu. Siumwi popote. Nina hasira tu, na hii hasira si ya leo.

Shajara, naanza na ungamo kabla moyo haujageuka. Jumatatu jioni niliteka maji, nikabandika sufuria kubwa ile ya maharagwe, nikachochea moto, ili niue sweta.

Ndiyo, kuua sweta.

Akinyi, binti yangu aliyenifungulia hii blogu kwenye simu, aliniambia, "Mama, andika vile unaongea, usijifanye mwalimu." Basi naandika vile naongea. Shule niliachia darasa la nane, Kiswahili nikakiongezea sokoni na kanisani. Ukikuta kosa, lipite tu.

Mimi ni mfumaji. Nina mashine moja ya kufumia sweta za shule, na sindano mbili za mkono ambazo ndizo za moyo wangu. Wageni wakisikia nafuma sweta huku kwetu Homa Bay wanacheka. Wananiuliza nani anavaa sweta kwenye jua hili linalokausha omena, dagaa wetu wa ziwa, kabla ya saa sita. Nawaambia waende Sori ama Muhuru Bay, wasimame ufuoni saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ikirudi, nguo imelowa na upepo wa ziwa unawapiga mbavuni. Wakitoka hapo ndio waniambie kama huku hakuna baridi.

Kufuma nilifundishwa na masista, kwenye shule ya ufundi ya wasichana. Kulikuwa na Sista mmoja mzee, mfupi, mkali, anayenuka kafuri. Siku moja alitoa soda mbili kwenye friji ya parokia. Moja akaifunga kwenye sweta, nyingine akaiacha wazi mezani, halafu akatuuliza ipi itapata moto mbele. Sote tukasema ile iliyofungwa, maana sweta ina joto. Tukarudi kazini. Baada ya chakula cha mchana tukaja kuonja. Iliyoachwa wazi ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Iliyofungwa ilikuwa bado inatoka jasho la baridi.

Sista akasema sweta haina joto na haijawahi kuwa nalo. Joto ni la mtu mwenyewe. Kazi ya sweta ni kushika kile ilichokikuta. Akainua kitambaa cha kufuma mbele ya dirisha tukaona mwanga ukipita kwenye vitanzi. Akatuambia kila kitanzi ni kijumba cha hewa, na hewa ikitulia mahali haipitishi joto upesi, kwa hiyo joto la mwili linakaa papo hapo karibu na mwili. "Mnafikiri mnafuma uzi," alisema. "Mnafuma hewa."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilicheka. Sasa sicheki.

Mume wangu, Baba Akinyi, alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi hapa Rangwe. Mwaka wetu wa kwanza hapa alikuwa anarudi asubuhi vidole vimekufa ganzi, hawezi kushika kikombe. Namshikia mimi, anakunywa kama mtoto, anaona haya. Nikaenda kwa Sista. Akanipa sufu halisi ya kondoo, rangi ya jivu, bado inanuka zizi. Si hizi nyuzi za dukani za plastiki. Nilifuma wiki tano kwa mkono, Akinyi akiwa tumboni. Shingo niliifumua mara tatu kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa, na ukoo wao wote wana vichwa hivyo, nasema bila matusi.

Aliivaa hiyo sweta mpaka akafa. Iliingiwa na harufu yake, sabuni ya kipande na mafuta ya taa, na hata ukiifua haitoki.

Alikufa miaka mitatu iliyopita. Tulimpeleka kwao, huko Nyatike karibu na Sori, tukamzika mbele ya nyumba yake. Na siku ya nne baada ya mazishi ikaja siku ya kugawa nguo.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Nguo za marehemu hazibaki kwa mjane. Zinatolewa nje, zinawekwa kwenye mkeka, na dada mkubwa wa marehemu anazigawa kwa ndugu mbele ya wazee. Koti kwa huyu, viatu kwa yule. Mjane anakaa pembeni, hachagui. Sipingi mila hiyo. Babangu naye zake ziligawiwa hivyo, na sikuona mtu akidhulumiwa.

Lakini mimi niliomba. Nilimnong'onezea wifi yangu mapema, nikamwambia chukueni zote, hata godoro, niachieni ile sweta ya jivu. Wifi akaitika. Ilipofika zamu ya sweta akaiinua, akanitazama, akafungua mdomo.

Dorina akasimama.

Dorina ni mke wa Okelo, mdogo wa mume wangu. Kwetu wake wa ndugu wanaitana nyieka, kama wake wenza, kwa hiyo yeye ni nyieka wangu na mimi ni wake. Anauza omena. Ni mwanamke mpana, ana sauti ya kuita gari lililopita. Alivuka mkeka, akaichukua sweta mkononi mwa wifi, akaivaa pale pale juu ya gauni lake la matanga. Ilimkaa imevutika kifuani kama ngozi ya ngoma. Halafu akasema, watu wote wakisikia:

"Mjane anataka sweta ya nini na ako na mashine? Si atafuma ingine."

Watu walicheka. Shajara, walicheka. Kuna mzee alicheka mpaka akakohoa.

Niliangalia mikono yangu.

Tangu siku hiyo naenda ibada kila Jumapili, nashiriki, napeana mkono wa amani na kila mtu, lakini Dorina nilimweka mahali pake. Kila baada ya wiki mbili analeta omena soko la hapa na analala kwa dada yake, ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nilikuwa naiona. Naiona sweta ikipita imefungwa kiunoni mwake. Naiona imetupwa juu ya gunia. Na mwaka jana niliiona imekunjwa mara nne, imewekwa kichwani, beseni la omena juu yake.

Ameifanya ngata.

Na inafaa kweli, ndio kinachouma. Kitu cha kufuma kina hewa ndani, kinabonyea kinarudi, kichwa hakiumii. Jasho la samaki likichuruzika kwenye vitanzi nilivyohesabu kimoja kimoja na tumbo la miezi minane. Siku hiyo niliomba sala ambayo siwezi kuiandika hapa, maana Akinyi anasoma. Mungu aliisikia. Alinyamaza tu.

Sasa Jumatatu.

Niko kwenye mashine, namalizia sweta za darasa la kwanza, kivuli kikaziba mlango. Nikajua kabla sijainua kichwa, kwa ile harufu.

"Nyieka, hamjambo hapa."

"Hatujambo."

"Unafanya kazi."

"Nacheza."

Hakukasirika. Alikaa kwenye gunia la nyuzi bila kukaribishwa, akatoa mfuko wa nailoni kifuani. Akaniambia Okelo alilazwa wiki mbili na nimonia. Ametoka, amerudi ufuoni kuvuta mitumbwi kwa sababu hajui kukaa, na daktari amesema kifua kisishikwe na baridi tena. Nimonia ikirudi mara ya pili hawaahidi kitu. Akaitoa sweta kwenye mfuko. Kiwiko cha kulia kimefumuka, mwisho wa mkono unaning'inia, ubavuni kuna shimo la kupitisha ngumi.

"Ni kazi ndogo tu," akasema. "Wewe ni dakika tano."

Nilingoja neno lingine. Nilimpa nafasi. Nilifunga uzi wa mashine, nikasafisha miwani, nikaivaa tena. Hakusema samahani. Alisema anarudi nyumbani Ijumaa, ataipitia.

Nikamwambia iache.

Alipoondoka nilifunga kibanda nikaibeba nyumbani kama mwizi aliyeshikwa. Furaha niliyokuwa nayo, sitadanganya, ilikuwa furaha ya kweli. Nilikuwa naimba. Niliimba wimbo wa sifa nikichota maji.

Kwa maana mimi najua kitu ambacho Dorina hajui. Yeye ameifua miaka mitatu kwa maji ya ziwa, baridi, ndiyo maana bado ni sweta. Sufu ya kondoo ukiitia kwenye maji yanayotokota, na sabuni, ukaisugua, nywele zake zinashikana zisiachane tena. Vitanzi vinafungana. Nguo ya mtu mzima inakuwa ndogo na ngumu kama kizulia cha mlangoni, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu moja hivyo shuleni na Sista alinifanya niisugulie sakafu muhula mzima.

Hotuba yangu ilikuwa tayari. Ijumaa angekuja, ningempa imekunjwa vizuri, na ningemwambia kwa upole: nyieka, nilitaka kutoa harufu ya omena, kumbe. Pole sana. Lakini si kuna mashine, nitakufumia ingine.

Nilijizoeza kuisema. Niliisema mara nne mbele ya sufuria.

Maji yalipoanza kutoa mvuke niliigeuza sweta ndani nje, kuangalia kama kuna uzi uliolegea wa kukata. Ni mazoea ya kazi tu. Mkono wa fundi hauachi hata kwa kitu anachotaka kukiua. Na hapo kwenye kiwiko cha kushoto, kile ambacho Dorina hakunionyesha kwa sababu hakikuwa kimefumuka, nikaona mafundo.

Mafundo madogo, ya uzi wa nailoni wa kijani. Uzi wa nyavu. Kiwiko chote kilikuwa kimezibwa kwa mafundo ya nyavu, jicho kwa jicho, safu kwa safu, yamelingana kama meno. Nikaangalia kwapani, yapo. Nikaangalia shingoni nyuma, yapo, ya zamani zaidi, yamebadilika rangi kwa jua. Mtu ameketi mara nyingi, miaka tofauti, na sindano ya nyavu, akiishona sweta kwa njia pekee anayoijua ya kuzuia kitu kisipasuke. Na mafundo yote ameyasugua na kitu, labda jiwe, yasikwaruze ngozi.

Dorina hawezi kushona hata kifungo. Hayo ni mafundo ya Okelo.

Okelo ambaye mume wangu alimlea mgongoni. Okelo ambaye siku ya kugawa nguo sikumwona kabisa, na sijawahi kujiuliza alikuwa wapi.

Nilizima moto. Usifikiri nilisamehe. Nilizima kwa sababu nilikuwa karibu kumpiga mtu ambaye hakuwa mbele yangu. Hasira yangu ilikuwa na anwani moja, na nilitaka ifike hapo hapo.

Maharagwe nilipikia yale maji, yasipotee bure.

Jumanne nikafanya jambo ambalo hakuniomba. Niliikata mishono ya ubavuni, nikatafuta mwanzo wa uzi shingoni, nikavuta. Hiyo ndiyo tabia ya kitu cha kufuma, ni uzi mmoja tu umejishika wenyewe. Ukipata mwanzo, miaka yote inakuja mikononi mwako ikilia tr-tr-tr. Nilipofika kwenye mafundo ya Okelo niliyakata kwa wembe, moja moja, nikayaweka kwenye kopo. Sikutaka kuyatupa. Saa tano asubuhi hakukuwa na sweta. Kulikuwa na uzi wa jivu umejikunjakunja kama nywele za mtoto. Nikauzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga, nikaufua kwa maji ya vuguvugu, nikauning'iniza juani na jiwe chini unyooke. Jua la Jumanne lilikuwa kali, jioni ulikauka.

Jumatano nikampigia Dorina simu.

"Nyieka, njoo. Nahitaji mikono."

Uzi ukikaushwa hivyo unakuwa duara kubwa, na hauwezi kufumwa kabla haujaviringwa donge. Kuuviringa kunataka watu wawili. Mmoja anaviringa, mwingine anakaa mbele yake amenyoosha mikono miwili, uzi umezunguka kwenye viganja vyake, na hawezi kujikuna, hawezi kushika simu, hawezi kuinuka. Akishusha mikono, uzi unatatana na kazi imeharibika.

Yaani anakaa.

Alipoona lile rundo la uzi alishika kifua. "Nyieka, umeifumua yote?"

"Ilikuwa imechoka. Kaa hapo. Mikono."

Akanyoosha. Nikamvika uzi. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu karibu yagusane, nikaanza kuviringa, polepole. Polepole kuliko inavyohitajika, Mungu ni shahidi.

Na nikamwambia. Nilimwambia wiki tano, na tumbo, na vidole vya mume wangu vya ganzi. Nilimwambia nilivyomnong'onezea wifi. Nilimwambia mzee aliyecheka mpaka akakohoa, jina lake na alichokuwa amevaa. Nilimwambia ngata. Sauti sikuipandisha. Kila nikimaliza jambo moja nilisimama kidogo, nikalainisha uzi, nikaendelea na lingine.

"Mikono inaniuma," akasema baada ya muda.

"Weka viwiko kwenye magoti. Usiangushe."

"Hii inaisha saa ngapi?"

"Uzi ukiisha."

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji, na hana mkono wa kulifuta. Niliona. Niliacha litiririke.

Halafu akasema, akiangalia uzi, si mimi: "Okelo alikuwa nyuma ya choo."

"Lini?"

"Siku ile ya nguo. Alikuwa nyuma ya choo analia. Aliniambia anataka ile sweta ya ndugu yake, hataki kitu kingine, hata shamba. Mwanaume atasimama mbele ya wazee aseme analilia sweta?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia sasa. "Ungenipa?"

Niliviringa uzi mizunguko mingi. Jibu analijua, na mimi nalijua.

"Na kuivaa pale mbele za watu?"

"Nilivaa ili isitoke mkononi. Nani atanivua nguo matangani?"

"Na ngata?"

Hapo alitazama chini. "Ufuoni anaivaa yeye, mimi naiazima nikija soko. Ya ngata Okelo aligombana na mimi wiki nzima. Alilala kwa mtumbwi. Mvua ilinikuta, nikakosa kitambaa."

"Na ile ya mashine? Kwamba nina mashine nitafuma ingine?"

Akasogeza viwiko kwenye magoti.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Hiyo Okelo hakunituma. Hiyo nilitoa mwenyewe. Wewe ulikuwa unatoka huku Rangwe umevaa viatu, watu wote wanakuita fundi, mimi nanuka omena. Nikaona leo wacha nikuguse." Akameza mate. "Sasa unataka nipige magoti? Na hivi umenifunga?"

Alinyanyua mikono yake yenye uzi kidogo, kunionyesha. Hakuiangusha lakini.

Nilijizuia kucheka. Nilijizuia pia kulia, lakini kucheka kulikuwa karibu zaidi.

"Inua kidogo," nikamwambia. "Uzi unalegea."

Nilipomtolea uzi wa mwisho alikaa akijisugua mabega. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akaniuliza kama aniache na omena kidogo, nikasema hapana, akaniachia hata hivyo mezani na akaenda.

Nikabaki na madonge matano. Na hapo, Shajara, shetani hakuwa ameondoka. Alikuwa amebadilisha kiti tu.

Maana kuna mshono wa matundu, ule wa shali za bibi harusi. Unapendeza sana. Ukiuona unasema huyu fundi ametoa roho yake. Lakini matundu yake ni makubwa, hewa haitulii humo, upepo unaingia huku unatoka kule na kubeba joto lote. Dorina angeisifu. Angeivaa sokoni. Na angeona baridi bila kujua kwa nini, na hakuna mahakama ya kunishitaki. Nilianza hata kuhesabu vitanzi.

Simu ikalia. Ni Okelo.

Okelo hajanipigia tangu mazishi. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayeongea kutoka ndani ya gunia.

"Shemeji. Nimesikia umeifumua."

"Nimeifumua."

Kikohozi. Kikohozi kirefu, nikaweka simu mbali na sikio. Aliporudi akasema, "Yale mafundo yangu yalikuwa mabaya?"

Niliangalia kopo.

"Yalikuwa mazuri," nikasema. "Nimeyaweka."

Nikamwambia nataka vipimo. Akasema ngoja, akajipima kwa uzi wa nyavu, akaulaza kwenye rula ya mtoto, akanisomea. Kifua. Urefu. Mkono. Nikamwambia apime kifua tena, nilifikiri amekosea. Akapima tena. Hajakosea. Amepungua, Shajara. Mwanaume aliyekuwa anavuta mtumbwi peke yake. Sweta ya ndugu yake ilikuwa inamning'inia kama pazia, upepo wa ziwa ukiingilia chini na kutokea shingoni. Sasa naelewa. Miaka mitatu amevaa kumbukumbu, baridi ikipita katikati.

Kwa hiyo mshono wa matundu nimeuacha. Nafuma mshono uliokaribiana, wenye vitanzi vinene, kama ule wa kwanza. Lastiki ya chini nimeifanya ndefu ibane kiunoni upepo usiingie. Shingo nitaipandisha. Kifua chake kitashika joto, kama Bwana atakuwa amemwachia la kushikwa.

Lakini niliahidi kusema ukweli hapa.

Kawaida sweta ya mtu mzima naiongezea vidole vinne juu ya kipimo cha kifua, apate kupumua, apate kuvaa shati ndani. Hii sikuongeza. Nimefuma kwa kipimo cha Okelo alivyo sasa, na nikapunguza vitanzi sita. Nikimwuliza mtu yeyote wa kazi hii ataniunga mkono, sweta ikikaa karibu na mwili ndipo hewa inatulia. Nitasema pia uzi ulipungua kwa sababu ya viwiko vilivyooza. Ni kweli ulipungua.

Ila ungetosha. Kama ningetaka, ungetosha.

Naujua upana wa Dorina. Nimeuangalia miaka mitatu ukipita hapa mbele ya kibanda na sweta ya mume wangu. Hii haitavuka mabega yake. Kesho atakuja kuichukua, nitamwambia bado, arudi nyumbani, nitaituma ikiisha. Na huko nyumbani, siku ya kwanza Okelo akiivua kuoga, atajaribu. Namjua. Atajaribu, na itamkwama kichwani, mikono juu vile vile nilivyomkalisha jana, na atakaa humo gizani kidogo akisikia harufu ya sabuni ya kipande. Na atajua ni mimi.

Nimeomba kuhusu hili. Niliomba tangu asubuhi nikifuma, kitanzi hiki sala, kitanzi kile Dorina akikwama. Sijapata jibu. Nilipokuwa msichana niliwaza Mungu angekuwa mkali kama Sista, sasa nawaza labda naye anajizuia kucheka.

Swali langu ni hili tu. Ile soda iliyofungwa kwenye sweta ilikaa baridi muda wote kwa sababu tuliifunga vizuri. Mimi nimeifunga hasira yangu vizuri miaka mitatu, na haijapoa wala haijachacha. Nikiifungua yote sasa hivi, nitabaki na nini cha kunifanya niamke?

Mvua imekatika. Kipande cha mgongo kimefika kwapani. Omena za Dorina nimezikaanga, na ni nzuri, hilo pia naliungama.

Kesho ni kipande cha mbele. Halafu mikono.